Usibadilishe difu ya nyuma peke yake (jibu kwa mwenye Series III ya injini ya Hiace)

Mwambie huyo fundi asiguse chochote Jumamosi. Mpigie simu leo hii, umwambie umepata safari, gari halipo, lolote lile, mradi tu asifungue hiyo ekseli.

Nimesoma maelezo yako mara mbili nihakikishe nimeelewa. Land Rover Series III fupi, logbuku inasema 1978, injini ni 3L, ile dizeli ya Toyota, iliyotoka kwa Hiace, giaboksi na transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ni za Land Rover yenyewe. Sasa fundi anataka kukuwekea difu (zile gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu) ya Range Rover nyuma "kwa sasa", halafu ya mbele mtaiangalia pesa ikipatikana. Umeuliza pia tairi za saizi gani, oili ya aina gani, na kama chesi ipakwe rangi au ipigwe oili chafu. Hayo yatasubiri siku nyingine. Hili la difu ndilo litakalokulaza njiani, kwa hiyo naanza nalo.

Sababu yako naielewa kabisa. Gari hizi zilitoka kiwandani na difu za 4.7 mbele na nyuma, yaani propela, ile shafti ndefu inayotoka transfa kwenda difu, inazunguka mara 4.7 ndipo magurudumu yazunguke mara moja. Kwa ile injini ya petroli ya lita 2.25 hapakuwa na shida, lilikuwa gari la shamba na la kazi za porini. Lakini ukiweka 3L halafu ukaingia Thika Road, ukifika kilomita 80 injini inalia mpaka abiria wako inabidi umwongeleshe kwa mikono. Difu ya Range Rover ya kitambo ni 3.54, inakaa kwenye ekseli ile ile bila kuchomelea kitu, na ukishaifunga gari linatulia kabisa. Hapo fundi wako hajakudanganya. Uongo unaanzia pale aliposema nyuma peke yake.

Series haina difu ya katikati. Ukiingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zinazunguka sawasawa bila kuachiana hata kidogo. Sasa nyuma una 3.54 na mbele una 4.7. Piga hesabu: kila magurudumu ya nyuma yanapotaka kwenda mita nne, ya mbele yanataka kwenda karibu mita tatu. Gari ni moja, haliwezi kwenda mwendo wa aina mbili. Ama tairi ziteleze, ama kuna chuma kitakachokatika, na ardhi ikiwa ngumu tairi hazitelezi.

Mimi niliambiwa maneno yale yale unayoambiwa. Fundi alikuwa na karakana nzuri Industrial Area, spana zimepangwa ukutani kwa mpangilio, anaongea kwa upole, na ukimuuliza swali anakujibu kabla hujamaliza. Akaniambia, "Mzee, hapa Nairobi fowili utaitumia lini? Weka ya nyuma, barabarani ni hiyo tu inayovuta." Na kweli, barabarani ni hiyo tu inayovuta. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na furaha ya ajabu. Gari lilipita Waiyaki Way kimya, nikamsifu huyo fundi kwa kila mtu niliyekutana naye.

Kitu ambacho hakuniambia, na ambacho mtu anayejiita fundi wa Land Rover hana ruhusa ya kutokijua, ni namna gia za gari hili zinavyofanya kazi. Unajua una kile kirungu cha manjano na ile gia nyekundu. Cha manjano ukikisukuma chini kinaingiza fowili katika gia za juu. Lakini ile nyekundu ukiivuta nyuma kwenda gia ya chini, ile ya nguvu na mwendo wa polepole, fowili inaingia yenyewe. Haikuulizi. Kwa hiyo mtu akikuambia "usitumie fowili tu", amekunyang'anya na gia ya chini pia. Gari zima la porini limegeuka pikapu nzito yenye kiti kigumu. Najua atakayekuja hapa kusema eti ulegeze zile habu za mbele, zinazofunga na kuachia magurudumu ya mbele, ili upate gia ya chini bila magurudumu ya mbele. Ndiyo, inawezekana, halafu nguvu yote ya gia ya chini inaangukia hafu shafti mbili za nyuma, vile vyuma vinavyotoka difu kwenda kila gurudumu, ambavyo kila mwenye Series anajua ndivyo vya kwanza kukatika.

Ikaja mvua. Tulikuwa tunatoka upande wa Suswa, tumeacha lami, na ule udongo mweusi ukilowa kila mtu anaujua: unajaa kwenye tairi mpaka gurudumu linakuwa mviringo wa tope. Gari likaanza kuzama. Nikavuta gia nyekundu kama mtu yeyote angefanya. Tukatoka! Tope liliteleza, tairi zikaachia, hakuna kilichovunjika, na usukani ulikuwa mzito lakini nikadhani ni tope tu. Tatizo lilikuja mbele kidogo tulipopanda kwenye mwamba na changarawe ngumu huku gia ikiwa bado chini. Gari lilianza kuvuta kama limeshikwa na breki. Nikaongeza moto. Mlio ule sitausahau: mmoja mkubwa chini ya kiti, halafu kitu kikiwa kinasaga polepole, halafu kimya, na injini bado inaunguruma vizuri tu.

Tulipofungua baadaye, hafu shafti ya nyuma upande wa kulia ilikuwa imekatika karibu na difu. Meno yake yalikuwa yamejisokota, hayakuwa yamenyooka tena, yamepinda yote kuelekea upande mmoja kabla chuma hakijakatika. Oili ya transfa tuliimwaga kwenye karai, ikatoka na vipande vya meno ya gia, vingine vikubwa kama ukucha. Kifuniko cha alumini kilikuwa na ufa. Pesa ya kulipakia gari lile kwenye lori kutoka Suswa hadi Nairobi, hiyo peke yake, ilipita bei ya difu ya pili ambayo fundi alikuwa "ananisaidia kuokoa". Sijaongeza transfa. Sijaongeza wiki zile nilizokuwa naamka asubuhi kwenda kuzungushwa maduka ya spea.

Na huyo fundi? Alilitazama, akatikisa kichwa, akasema gari ni la zamani, chuma kimechoka. Series III zilianza kutoka 1971 na za mwisho ni 1985, kwa hiyo ndiyo, ni la zamani. Lakini chuma kile hakikuchoka, kililazimishwa. Nilimuuliza moja kwa moja kama alijua difu mbili zinatakiwa ziwe sawa. Akasema, "Wateja wengi hawaingizi fowili." Yaani alijua. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, si pesa. Mtu anajua, anapokea hela yako, anakuacha uende nayo Suswa ukiwa na watoto ndani.

Sasa hili ulishike hata kama ukisahau kila kitu kingine nilichoandika: kipande chochote cha gari la mchanganyiko, jua kimetoka gari gani na ukipime mwenyewe kabla nati haijalegezwa. Usikubali neno la fundi, wala la aliyekuuzia, wala la logbuku. Logbuku inajua Land Rover moja tu. Gari lako lingekuwa na kitambulisho, lingehitaji barua za machifu wanne.

Anza na difu, kwa sababu hata hujui kama aliyekuwa nalo kabla yako hakuibadilisha moja tayari. Kupima ni rahisi, huhitaji fundi. Giaboksi iwe huru, gia nyekundu mbele, kirungu cha manjano juu. Weka mawe makubwa kwenye magurudumu, na namaanisha mawe ya kweli, mbele na nyuma. Hendibreki ya Series haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma pale inapotoka kwenye transfa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, hata kama hendibreki umeivuta hadi mwisho, gari linaweza kubingirika, kwa sababu difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke. Na kwa kipimo hiki hendibreki lazima uiachie. Kwa hiyo mawe.

Inua gurudumu moja tu, jingine libaki chini. Chora alama ya chaki kwenye propela na nyingine kwenye tairi. Zungusha tairi raundi mbili kamili, mwenzako awe chini akihesabu propela. Raundi mbili, si moja, kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama. Propela ikizunguka mara nne na karibu robo tatu, hiyo ni 4.7. Ikizunguka mara tatu na nusu hivi, ni 3.54. Halafu rudia mbele, ukiwa umefunga zile habu kama unazo. Namba za mbele na nyuma zikitofautiana, usiguse cha manjano wala chekundu mpaka zilingane.

Ukiamua kwenda 3.54, nunua difu mbili siku moja. Kwenye Range Rover ya zamani iliyokatwakatwa, ya mbele na ya nyuma zote zinakufaa, kwa hiyo chukua zote mbili kutoka gari moja na umalize. Lakini beba hafu shafti yako uende nayo dukani. Ya Series ina meno 10 pale inapoingia kwenye difu. Range Rover za mwanzo pia ni 10, za baadaye ni 24, na difu kwa nje zinafanana kabisa. Ingiza hafu shafti pale pale kwenye kaunta. Muuzaji akikasirika, nenda duka la pili, Kirinyaga Road haijawahi kuisha maduka.

Ujue pia utakachopoteza. Gia ya chini itakuwa ndefu kuliko ulivyozoea, kwa hiyo kuteremka Mai Mahiu injini haitakushikilia kama zamani, na breki zako ni za dramu pande zote nne. Zikaguliwe kabla ya difu, si baada. Na mshale wa spidi unaendeshwa kutoka kwenye transfa, haujui umebadilisha difu: ukisoma 60 wewe uko karibu 80. Polisi wa kamera haulizi hadithi ya transfa.

Sheria hiyo ya kupima inaenda mpaka kwa vitu vidogo. Kirinyaga Road ukifika kaunta wanakuuliza kitu cha kwanza, "Ni gari gani?" Ukijibu Land Rover umeshapotea. Weka kipande kilichotoka mezani uwaache wakitazame. Rafiki yangu mwenye mchanganyiko kama wako altaneta yake ya 3L ilikufa, akanunua nyingine ya Toyota, bolti zilikubali, taa ya chaji ikazima, kila mtu akafurahi. Asubuhi yake kwenye mzunguko wa barabara pedali ya breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Kwenye injini hizo za dizeli pampu ya vakyumu inayosaidia breki imekaa nyuma ya altaneta, na aliyouziwa ilikuwa ya petroli, haina pampu. Aliponea kwa sababu matatu iliyokuwa mbele yake iliamua kuondoka, jambo ambalo ni nadra.

Na ile bamba inayounganisha injini na giaboksi, hapo ndipo inchi na milimita zinapokutana. Upande wa Toyota ni milimita, upande wa Land Rover ni inchi. Bolti ya milimita 8 na ya inchi 5/16 kwa unene huwezi kuzitofautisha kwa jicho, lakini thredi haziendani. Fundi mwenye haraka ataisukuma kwa nguvu, itaingia raundi mbili tatu, itakaza, atafurahi kwamba imekaza, na wewe umebaki na shimo lililoharibika ndani ya alumini. Pata daftari. Kila kitu kikifunguliwa, andika kimetoka gari gani, saizi ya spana iliyoingia vizuri, namba iliyochorwa kwenye chuma. Klachi andika sahani ni ya nani, kifuniko ni cha nani, beringi ni ya nani, kwa sababu zinaweza kuwa za magari matatu tofauti. Piga picha pia, lakini daftari libaki ndani ya gari, chini ya kiti, ili fundi yeyote wa Narok au Isiolo aweze kulisoma wakati simu yako haina chaji.

Kama namba ya injini ya 3L bado haijaingia kwenye logbuku, shughulikia NTSA (mamlaka ya usajili wa magari) kabla ya kutumia hata shilingi moja kwa difu. Bima ikipata sababu ya kutolipa, hiyo ndiyo watakayoanza nayo.

Sasa tafuta jeki, chaki, mawe manne na mtu mmoja wa kulala chini kuhesabu. Pima nyuma, pima mbele, uandike namba zote mbili hapa kabla ya Jumamosi. Usimpe huyo fundi funguo kabla hatujaziona.