Boneti imegoma kufunga: je, nyufa za modeli huambukiza?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina modeli, yaani kigari cha kuweka kabatini, ya Jaguar E-Type ya mwaka 1961, skeli ya 1:18 (ndogo mara 18 kuliko gari lenyewe), bodi ya chuma. Boneti imeanza kugoma kufunga, na juu ya gurudumu la nyuma kumetokea nyufa nyembamba kama unywele. Mkarabati mmoja kaniambia ni kutu, ataiua kwa asidi, apige puti kisha aipake rangi upya. Kanishauri pia niitenge isije ikaambukiza nyingine kabatini. Nimpe kazi?

JIBU: Usimpe. Barua za namna hii zinanifikia kila mara, na karibu kila moja ina mtu wa kati aliyekwisha kuahidi dawa.

Sisi huita kila kitu kigumu kinachong'aa chuma, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Bodi ya modeli yako haina chuma cha kushika kutu. Ni aloi ya zinki iitwayo zamak: zinki kwa sehemu kubwa, aluminiamu kama asilimia 4, na magnesi na shaba kidogo. Aloi hiyo haivumilii metali ya risasi. Kiwango kinachoruhusiwa ni asilimia 0.005 tu, yaani sehemu 5 katika 100,000. Mabaki machafu yakitupwa kwenye chungu cha kuyeyushia, risasi hujikusanya kwenye mipaka ya chembechembe za metali. Unyevu na joto hufanya kazi humo ndani kwa ndani, miaka na miaka, metali inavimba, halafu inapasuka.

Kwa hiyo boneti yako haikuharibika bawaba, imekua. Boneti ya E-Type hubeba pua nzima pamoja na madigadi ya mbele, kipande kimoja kirefu, na urefu huo ndio unaoitangulizia aibu. Ifunge taratibu, bila kusukuma, utazame ukingo wake wa nyuma karibu na kioo cha mbele. Nina hakika ule mwanya uliokuwa sawasawa pande zote umekwisha, na rangi imemeguka pale vipande viwili vinapogusana. Ukiilazimisha, itakatikia mkononi.

Asidi inakula zinki. Itapenya kwenye ufa na kuupanua. Puti itaziba juu, bodi itaendelea kuvimba chini, na baada ya muda rangi mpya itapasuka palepale. Gundi, mafuta, vanishi, kuweka kwenye friji: nimeletewa modeli zilizopitia vyote hivyo. Hakuna kinachoitoa risasi iliyokwisha kuganda ndani ya metali.

Ama kuambukiza, huo ndio uvumi unaonichosha kuliko wote. Wajerumani waliupa ugonjwa huu jina Zinkpest, tauni ya zinki, na watu wakalichukua neno tauni kama lilivyo. Hautoki modeli moja kwenda nyingine. Ukiona mbili zimepasuka kwenye rafu moja, uliza kwanza kama hazikumiminwa kutoka chungu kimoja. Modeli ileile, ya kiwanda kilekile, inaweza kuwa nzima katika toleo moja na mbovu katika toleo linalofuata. Nimewaona watu wakiuza makabati mazima kwa bei ya kutupa kwa hofu hii, na mara nyingi mnunuzi ni yuleyule aliyewatia hofu.

Wewe ipeleke mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na dirisha na taa zenye joto, na usiifungie kwenye nailoni. Hilo litapunguza kasi tu. Magurudumu ya spoku na viti vitoe mapema, kabla bodi haijavibana, kwa kuwa hivyo ni vya thamani kwa mwenye bodi nzima.

Na wewe unayefikiria kununua iliyokarabatiwa, soma hapa. Rangi mpya ndiyo maficho makubwa ya nyufa. Dinky Toys nyingi, vigari vya kuchezea vya miaka ya 1930, zilizotengenezwa Liverpool, zina ugonjwa huu, na ndizo zinazopakwa rangi na kuitwa nzima. Zilizotengenezwa karne hii nazo zimo, msidanganywe na boksi jipya. Igeuze juu chini. Pitisha kioo cha kukuzia ndani ya madigadi na chini ya paa, mahali ambapo msasa haufiki. Laza rula kwenye chasisi: ikiwa imepinda, iache. Pima urefu kwa kalipa na uulinganishe na wa nyingine ya aina hiyohiyo iliyo nzima. Muuzaji akikataa isiguswe, mrudishie hapohapo.