Fundi Anajibu: Tundu la bolti lililolika kwenye plaiwudi

SWALI: Sakafu ya trela yangu ni plaiwudi ya milimita 18. Bolti ya milimita 10 inayoshika pete ya kufungia kamba inacheza, tundu lake limepanuka upande mmoja, na nikikaza nati washa inazama ndani ya ubao. Nijaze kitu gani, au ndiyo basi, nibadilishe ubao mzima?

JIBU: Ubao usiuguse bado. Fungua bolti, kisha chomachoma kwa bisibisi kuzunguka tundu. Ukikuta pagumu ndani ya sentimita 2 au 3 kutoka ukingoni, tundu linatengenezeka. Bisibisi ikizama hadi mbali zaidi ya hapo, soma jibu linalofuata.

Chanzo nacho kijulikane. Bolti haishiki kwa ubavu wake. Inashika kwa sababu nati na washa zimeubana ubao. Nati ikilegea, bolti inasugua ukuta wa tundu kila trela inapotikisika, na maji yanapata njia. Nyuzi zilizokatwa ndani ya tundu hunywa maji haraka kuliko uso wa ubao, matabaka yanavimba na kulainika, ndipo washa inapozama.

Tundu utalijaza kwa epoksi, gundi ya kuchanganya na kigumishi. Kausha kwanza, maana epoksi haishiki mbao mbichi. Bandika kipande cha nailoni juu ya tundu, ziba kingo kwa utepe wa gundi, uache usiku mzima. Asubuhi ukiona matone upande wa ndani, bado. Wakati unasubiri, piga mistari miwili ya penseli inayokatana katikati ya mahali bolti inapotakiwa kuwa, na uirefushe hadi kwenye mbao isiyoharibika. Wengi huisahau hatua hii, halafu tundu likishajazwa hawajui tena watoboe wapi.

Sasa lipanue tundu hadi milimita 20. Biti ikiingizwa kwenye tundu lililoharibika huyumba kwa kuwa haina pa kushika. Toboa kibao chakavu kwa biti hiyo hiyo ya milimita 20, kipange sawa na mistari yako, kibane juu ya sakafu, kisha pitisha biti kwenye tundu la kibao. Ukimaliza, kunja ncha ya msumari, ufunge msumari kwenye drili na uuzungushe taratibu ndani ya tundu ili ule matabaka ya kati milimita chache. Kijazo kitakuwa kipana katikati kuliko juu na chini, hakiwezi kuchomoka.

Tumia epoksi ya kukauka polepole. Ile ya dakika 5 ni dhaifu zaidi na haivumilii maji. Tundu la milimita 20 kwenye ubao wa 18 hubeba takriban mililita 6, hivyo mchanganyiko wa mililita 15 unatosha pamoja na wa kupaka na kile kilicholiwa na msumari. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka ni kosa: kinachozidi hubaki ndani na kazi haikazi kamwe. Koroga dakika 2 au 3 huku ukikwangua kuta za kikopo.

Ziba chini kwa nailoni na kibao. Paka epoksi tupu kwenye kuta, subiri kama dakika 10, uongeze palipokauka. Ukiruka hatua hii, mbao itanyonya gundi kutoka kwenye kijazo na kukiacha kikavu pembeni. Iliyobaki changanya na vumbi laini la msasa hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, uishindilie kwa kijiti kutoka chini kwenda juu ili hewa itoke. Vaa glavu.

Acha saa 24, na zaidi kukiwa na baridi. Toboa kwa biti ya milimita 3, kisha ya 10, kwa mwendo wa polepole, kwani joto hulainisha epoksi. Juu weka washa pana ya milimita 30. Chini, bamba la chuma la milimita 3 lenye upana wa sentimita 6 kila upande. Malizia na nati yenye pete ya nailoni ndani. Kaza hadi washa ilale sawasawa kwenye mbao. Ukiona inaanza kuzama, umepitiliza.

SWALI: Na kama matabaka yameachana eneo la ukubwa wa kiganja?

JIBU: Hapo kijazo ni kujidanganya. Kata eneo lote bovu kwa umbo la mraba hadi ufike kwenye mbao ngumu. Chini bandika plaiwudi ya milimita 12 inayozidi uwazi kwa sentimita 5 kila upande, kwa epoksi na skrubu. Kisha ziba uwazi kwa kiraka cha unene ule ule wa sakafu, nyuzi za juu zikielekea upande mmoja na za ubao wa zamani. Utahitaji bolti ndefu zaidi: sasa inapita milimita 30 za mbao, mbali na bamba, washa na nati.

SWALI: Je, njiti za kiberiti na gundi nyeupe ya seremala?

JIBU: Kwa skrubu ndogo ya bawaba ya kabati, sawa. Kwa bolti, hapana. Gundi nyeupe inataka vipande vigusane na vibanwe. Ikijazwa kwenye uwazi husinyaa maji yake yanapokauka. Kijiti cha mviringo cha mbao ngumu ni bora, mradi kazi ni ya ndani ya nyumba na kipenyo chake ni angalau mara mbili ya bolti. Chembamba kuliko hapo kitapasuka ukikitoboa.