Maji magumu na vyombo vya umeme: anza na joto kabla ya kununua chujio

Ndugu uliyeuliza kwa nini birika lako la umeme linaota magamba meupe, kwa nini hita ya maji inagongagonga inapowaka, na kama ununue chujio la nyumba nzima: mambo mawili ya kwanza yana chanzo kimoja, ila hilo la tatu halihitaji kujibiwa haraka. Nimeishi miaka mingi katika nyumba inayotumia maji magumu ya kisima kirefu, na vyombo vingi vilivyoharibika nimevifungua mwenyewe, kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona humo pamoja na sababu zake.

Ugumu wa maji ni kiasi cha kalisi na magnesi kilichoyeyuka ndani yake. Maji ya mvua yanapopenya ardhini hubeba kaboni dayoksaidi ya udongoni, yakawa na asidi hafifu, na yakipita kwenye mawe ya chokaa huyamung'unya kidogo kidogo na kuondoka na madini hayo. Hupimwa kwa miligramu za kaboneti ya kalisi katika lita moja: chini ya 60 huitwa maji laini, kati ya 60 na 120 yana ugumu wa wastani, hadi 180 ni magumu, na zaidi ya hapo ni magumu sana. Kitabu cha maelekezo cha mashine yako kikitumia nyuzi za Kijerumani, zidisha kila nyuzi kwa 17.8 utapata miligramu hizo.

Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba maji hayo hayo, yakiwa baridi, hayana madhara makubwa kwa vyombo. Chumvi ya kawaida huyeyuka vizuri maji yakipata moto, lakini kaboneti ya kalisi hufanya kinyume: maji yanapochemshwa, bikaboneti, yaani hali ambayo chokaa huwa imeyeyukia majini, huvunjika, gesi hutoka, na chokaa inayobaki haiwezi tena kukaa imeyeyuka ndani ya maji, hivyo huganda mahali penye joto kali zaidi, yaani kwenye koili yenyewe inayopasha maji. Fundi alipokata mabomba ya nyumbani kwangu ili kuhamisha hita, bomba la maji baridi lilikuwa karibu safi kabisa ndani, ilhali la maji moto lilikuwa limebana kwa ukoko mgumu wa rangi ya maziwa, ingawa yote mawili yalifungwa pamoja na hupitisha maji ya chanzo kimoja. Tangu hapo naamini kwamba swali la kuanza nalo ni joto, na idadi ya miligramu hufuata baadaye.

Katika hita, ukoko huo hupitisha joto vibaya mno ukilinganishwa na chuma au shaba. Koili hushindwa kutoa joto lake majini, ikapata moto kuliko ilivyoundwa kuvumilia, ganda lake likapasuka, maji yakaingia ndani, na sakiti breka ikaanza kujikata kila unapoiwasha. Milio unayoisikia hutokana na maji yaliyonaswa chini ya tabaka la chokaa, ambayo hugeuka mvuke ghafla na kupasuka. Shusha kidhibiti joto hadi nyuzi 60 za Selsiasi, kwa sababu joto likizidi hapo ukoko huongezeka upesi. Usikishushe chini ya 60 katika tangi la kuhifadhi maji moto, kwani bakteria aina ya Legionella, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, hustawi katika maji ya uvuguvugu. Siku ya kufungua tangi kulisafisha, mwambie fundi aitazame pia fimbo ya magnesi inayolikinga na kutu, kwa maana ikiisha, kitakacholika ni tangi lenyewe.

Mashine ya kufulia, kwa maoni yangu, huogopewa kupita kiasi. Ukifua kwa nyuzi 30 au 40, koili yake hupata ukoko kidogo tu. Hasara hasa iko kwenye sabuni: kalisi hujishikiza kwenye sabuni ya mche na kufanya utando usioyeyuka, ambao hubaki kwenye nguo zikawa ngumu na za kijivujivu. Sabuni nyingi za unga zimetiwa viungo vya kulainisha maji, na pakiti zake huonyesha kipimo kwa kila kiwango cha ugumu. Mtu mwenye maji magumu anayetia kipimo cha maji laini hulaumu mashine bure.

Pasi ya mvuke ni dhaifu zaidi, kwa kuwa matundu yake ni madogo. Itilie maji yaliyoondolewa madini, au uyachanganye na ya bomba kama mtengenezaji anavyoelekeza.

Katika kuondoa magamba, asidi ya sitriki ya unga huifanya kazi vizuri na haina harufu ya siki. Itumie katika maji baridi au vuguvugu, kwani ikichemshwa hutengeneza sitrati ya kalisi, ambayo ni ngumu kuiondoa kuliko chokaa yenyewe. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kupaushia nguo, maana hutoa gesi yenye sumu, na usikwangue koili kwa kisu.

Sasa chujio. Chujio la mkaa huondoa harufu na ladha ya klorini, lakini ugumu huuacha palepale. Kifaa cha sumaku kinachofungwa juu ya bomba nisingekitolea fedha. Kinacholainisha maji kwa uhakika ni tangi la rezini, yaani lenye chembechembe za plastiki maalumu, ambalo hushika kalisi na magnesi na kutoa sodiamu badala yake, kisha husafishwa kwa maji ya chumvi ili lirudie kazi. Kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa katika lita, huongezeka takriban miligramu 46 za sodiamu. Kwa hiyo mtu aliyekatazwa chumvi na daktari abakiziwe bomba la kunywa lisilopita humo. Maji yaliyolainishwa hivyo hayafai pasi wala miche ya bustani.

Kabla ya kununua chochote, pima ugumu kwa dawa ya matone au karatasi za kupimia. Kile kifaa cha kidijitali cha kuchovya majini huhesabu chumvi zote kwa pamoja, hata zisizohusika na ugumu, na nimeona watu wakitishwa nacho na wauzaji. Ukikuta chini ya 180, joto la nyuzi 60 na asidi ya sitriki vinatosha. Ukikuta mengi zaidi ya hapo, na hita yako hufanya kazi mchana kutwa, funga tangi la rezini kwenye bomba linaloingia kwenye hita pekee, ukiacha choo, bustani na jiko vitumie maji yalivyo. Mwambie fundi aweke koki pande zote mbili za tangi hilo pamoja na bomba la kulizunguka, ili siku ya kulihudumia usikose maji moto.