Waliobebwa mabegani na waliorudi kwa miguu

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Katika chuo ulichosoma, ni nini kinachokufanya utembee kifua mbele zaidi, ushindi wa uwanjani au matokeo ya darasani?" Swali limeniudhi, nami nimekaa nikijiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu jibu mnalijua tayari. Watu watasema uwanja. Hakuna mtu katika mji huu anayekumbuka matokeo ya mtihani wa chuo, lakini mguse mzee yeyote pale barazani umuulize fainali ya mwaka fulani, atakupa mpaka jina la mshika kibendera na gomvi lililotokea langoni.

Chukueni mwaka 2007. Tukiuweka kando uchaguzi, maana ule una habari yake, muulizeni mtu wa Mombasa mwaka ule kulitokea nini. Atawaambia mbio za nyika za dunia. Tarehe 24 Machi, kwenye kiwanja cha gofu kule Mama Ngina, watu wamesongamana, jua linachoma na hewa ya bahari imejaa unyevu wa kukamua. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa amezifagia mbio ndefu na fupi miaka mitano mfululizo, akaacha mbio kwenye mzunguko wa mwisho. Joto letu limemmaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa, Moses Mosop wetu akawa wa pili. Nilikuwepo. Waliokuwa karibu nami walishangilia Bekele aliposimama, na si adabu kumshangilia mgeni akianguka, lakini nami nilipiga kigelegele, sina la kuficha. Jioni ile tulijiona mabingwa, kana kwamba jua la Mombasa tumelifanyia mazoezi sisi.

Sasa muulizeni mtu huyo huyo: Agosti ya mwaka huo huo kulitokea nini? Atakuna kichwa. Agosti 2007 ndipo Mombasa Polytechnic pale Tudor na kile chuo cha kilimo cha Kilifi vilipofanywa vyuo vikuu vishiriki, kimoja chini ya chuo kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, kingine chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2013 vyote viwili vikapata hati kamili, kimoja kikawa Technical University of Mombasa, kingine Chuo Kikuu cha Pwani. Yaani miaka yote hiyo tangu uhuru, Pwani hii yenye bandari na hoteli na kelele zote hizi haikuwa na chuo kikuu cha umma kilicho chake. Mtoto wa Tudor akitaka digrii alipanda basi la usiku kwenda bara. Siku mambo hayo yalipobadilika, nani alipiga kigelegele? Mimi mwenyewe nilisoma gazetini, nikafungia mandazi.

Marehemu baba yangu angewapa jibu bora kuliko langu. Yeye alikuwa mchukuzi kule Kilindini na hakusoma pale Tudor hata siku moja, lakini mpaka anaingia kaburini alikiita chuo kile MIOME, yaani Mombasa Institute of Muslim Education. Ndilo jina alilolikuta. Kilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 1951 kilikuwa taasisi ya kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, na kati ya waliotoa fedha walikuwamo Aga Khan na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 kikawa Polytechnic, na mzee hakuyatambua majina hayo. Jamaa zetu wakija kutoka Lamu, aliwapeleka Ngome ya Yesu kama kila mtu, kisha akawapandisha gari mpaka Tudor, akasimama nao nje ya lango. "Hapa watoto wetu wanafundishwa mashine," anawaambia. Wageni wanatazama ukuta. Yeye anatazama ukuta kwa furaha. Sikumsikia hata mara moja akitaja timu yoyote ya chuo kile.

Basi nilipokaa kuwaandikia, jibu langu lilikuwa darasa, tena kwa hasira. Nilitaka kusema kwamba makombe ni ya kupita na vyeti ndivyo vinavyolisha watu. Halafu nikamkumbuka golikipa wetu, na hapo maneno yakanipotea.

Chuo changu sikitaji. Waliosoma nami watakijua. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mimi nikisoma uhasibu, na wasichana tulikuwa wa kuhesabika. Golikipa alikuwa kijana wa mtaani kwetu Majengo, mwanagenzi wa ufundi mitambo, mwajiri wake wa bandarini alimleta chuoni muhula hadi muhula. Mrefu, kimya, na mikono yake kama makasia. Hakuwa na glavu za golikipa, nani wakati ule alikuwa nazo? Alidakia kwa glavu za kazini, zile za ngozi za wachomeaji vyuma, zimerukiwa na cheche mpaka zina madoa meusi, na ya kulia imetoboka kwenye kidole gumba. Kabla ya mechi alizichovya kwenye ndoo ya maji, akazikamua, akazivaa zikiwa bado zinachuruzika. Ngozi kavu inateleza, alisema, ngozi iliyolowa inashika mpira. Mechi ikiendelea, kila mpira ukitoka nje alikimbilia ndoo. Waamuzi walimzoea.

Siku ninayoisema walikuja wageni kutoka Nairobi. Waliteremka kwenye treni ya usiku asubuhi, macho mekundu, na kamati yetu ya michezo, kwa ukarimu wake, ikawapangia mechi saa nane mchana. Tuliuita ukarimu wa wenyeji. Anayeijua Mombasa mwezi wa Februari anaelewa ukarimu huo ulikuwa wa namna gani. (Nilipomwona Bekele amesimama mwaka 2007 nilijua mara moja, huyu naye kakaribishwa saa nane.)

Lakini asubuhi hiyo hiyo, kabla ya mechi, matokeo ya mtihani wa taifa yalibandikwa. Ubao wa matangazo ulikuwa kwenye ukumbi nje ya ofisi ya msajili, umefunikwa wavu ili watu wasichane karatasi. Nilikuwa pale nikitafuta namba yangu. Golikipa alisimama kando yangu, akaingiza kidole kwenye tundu la wavu, akakishusha polepole kwenye orodha. Kikafika, kikasimama. Akakirudisha juu, akaanza upya, kama mtu anayedhani labda ameruka mstari. Kikasimama pale pale. Alikuwa ameanguka karatasi moja na ilimbidi airudie.

"Hesabu," akaniambia. Basi. Hakuongeza neno. Alikwenda kununua chai, na nilimwona ameishika glasi bila kuinywa mpaka ikafanya utando.

Mwajiri wake alikuwa na masharti: ukianguka ukarudia ukaanguka tena, kwaheri. Alikuwa na mama na wadogo zake. Hayo yote mtaa mzima ulijua.

Mechi yenyewe siwezi kuisimulia vizuri kwa sababu sikuiangalia. Nilimwangalia yeye. Alinipa viatu vyake vya barabarani nimshikie kwenye mfuko wa nailoni, na muda wote nilikuwa nimevipakata kama mtoto. Tulifungwa mapema, tukarudisha, jua likawaramba wale watoto wa Nairobi mpaka wakawa wanatembea, lakini hatukuweza kuongeza. Zikaja penalti. Akadaka ya tatu. Akakimbilia ndoo, akachovya mikono, akarudi. Ya nne ikaingia. Ya tano aliipangua kwa ile glavu iliyotoboka, na nakuapia nilisikia mlio wa ngozi mbichi ikipigwa na mpira, pah, kutoka nilikokuwa.

Akabebwa. Wakamzungusha uwanja, wakamtoa nje ya lango mpaka barabarani, matatu zikapiga honi. Mkuu wa chuo akatoka na koti, kwa joto lile, akasema leo jina la chuo limeng'ara. Orodha kwenye wavu haikuwa hata hatua mia moja kutoka pale aliposimama akisema hivyo. Mimi nilikasirika, nikitaka kumwambia mtu yeyote: huyu mnayembeba hana hakika ya kurudi muhula ujao.

Sasa ndipo kikatokea kitu ambacho kimeniharibia jibu langu la hasira. Mwalimu wa hesabu hakuwa mtu wa mpira. Alikuwa amejifungia chumba cha walimu akisahihisha, kelele zikamtoa nje, na nia yake, niliona usoni, ilikuwa kukemea. Akamwona yule kijana juu ya mabega. Akakodoa. Akaniuliza mimi niliyekuwa karibu na mfuko wangu wa viatu: "Huyu si yule aliyeanguka karatasi yangu?" Nikamwambia ndiye. Akanyamaza kidogo, kisha akangoja mpaka kijana akashushwa, akamwendea. Nilikuwa pale pale nikimrudishia viatu, kwa hiyo nimesikia kwa masikio yangu: "Jumamosi saa mbili. Uje na kitabu chako cha jedwali za logi. Na usinichelewee."

Alikwenda. Kwa haya ya kwenda peke yake akamchukua beki mmoja. Beki akamchukua winga. Kufikia mwisho wa muhula Jumamosi asubuhi mwalimu yule alikuwa na nusu ya timu mbele yake, bila malipo, na inasemekana hata yeye alianza kwenda uwanjani, akikaa chini ya mwarobaini akijifanya anasoma gazeti. Golikipa alirudia karatasi ile akapita. Alifanya kazi bandarini mpaka umri wa kustaafu, na wadogo zake wote walisoma.

Sasa mhariri, mimi niseme nini? Mwalimu yule aliiona orodha asubuhi. Alikuwa anajua nani kaanguka, majina yote, mistari na mistari. Orodha haikumwinua kitini. Kilichomwinua ni kelele za mpira. Bila zile penalti, kijana angekunywa chai yake ya baridi, akarudi mtaani, na darasa ambalo nilitaka kulisifu lisingemjua tena. Uwanja ndio uliompa darasa. Sipendi kulisema, lakini ndivyo nilivyoona.

Halafu msinielewe vibaya. Kwenye orodha ile walikuwamo wengine walioanguka karatasi ile ile, na hawakuwa wachezaji wa chochote. Hakuna aliyewaambia Jumamosi saa mbili. Mimi mwenyewe, ambaye upande wa hesabu za gharama nilikuwa napumulia mdomo, nilimwomba mwalimu nikae nyuma tu nisikilize. Akanijibu kwa upole kwamba wasichana wa uhasibu wana mwalimu wao. Walikuwa naye, ndiyo, naye alikuwa haonekani. Na kwa kuwa tumeanza kusemana: muhula ule timu yetu ya netiboli, ambayo nilicheza pembeni, haikupoteza mechi hata moja. Hatukubebwa. Tulirudi kwa miguu, mpira ndani ya kikapu, na mkuu wa chuo hakuvaa koti.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa vyuo vyote, vya zamani na vya sasa: yule kijana alijifunza kudaka kwenye mchanga wa mtaani kwetu, si chuoni. Chuo kilimkuta tayari. Kinachojivunia wachezaji wake kingekuwa muungwana zaidi kama kingesema walitoka uwanja gani wa vumbi na nani aliwanunulia mpira wa kwanza. Mzee wangu alijivunia ukuta wa watu wengine bila kudai sifa yoyote, na sioni ubaya wake. Ubaya ni kudai.

Basi niandikeni upande wa uwanja. Kwa shingo upande, na kwa sharti kwamba mshangilie pia wale wa netiboli, lakini niandikeni huko. Nilipoanza barua hii ningewaambia darasa, na kama baba angekuwa hai angenigombeza.

Mjukuu wangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Ni mpole, hachezi mchezo wowote, na takwimu zinamtesa. Jana nimempigia simu nikamwambia ajiunge na timu, timu yoyote ile itakayomchukua. Anasema ya vishale bado ina nafasi.

Bi Mstaafu,
Majengo, Mombasa