Makofi manne, kisha gita

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Je, watu wasiojuana wanaweza kupiga muziki pamoja kwenye intaneti, au wanaunga viraka tu?"

Wanaunga viraka, na wanapiga muziki. Mimi ni mpiga gita la ridhimu hapa Tanga. Mchana nauza vipuri vya pikipiki. Mwaka wa tatu huu napiga na mpiga ngoma wa Buyenzi, Bujumbura, mwimbaji wa Mombasa na mpiga besi anayeishi Toronto. Sijapeana mkono na hata mmoja wao.

Mwanzoni nilitaka tupige mubashara. Nikapigiana video na yule mwimbaji, nikaanza, naye akaingia nyuma yangu. Nikapunguza mwendo nimsubiri. Akasikia napunguza, naye akapunguza. Dakika mbili hazijaisha, rumba imegeuka wimbo wa maziko. Tena kila tukitoa sauti kwa pamoja, simu ilimnyamazisha mmoja wetu, ikidhani ni mwangwi.

Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Mwenzako akiwa mita 10 kutoka ulipo, unamsikia baada ya milisekunde 30 hivi, na hapo mikono bado inavumilia. Simu ya video huchelewesha zaidi ya hapo, maana sauti inakatwa vipande, inabanwa, inapitia seva, kisha inafunguliwa upya. Na huyo wa Toronto yuko zaidi ya kilomita 12,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata mngetandikiwa waya ulionyooka kutoka mlango hadi mlango, milisekunde 60 zimeshaliwa njiani. Hakuna bando la kukuokoa.

Wapo walioliona hilo mapema wakaacha kupigana nalo. Programu ya NINJAM, iliyotoka 2005, huurefusha ucheleweshaji makusudi: unasikia walichopiga wenzako mzunguko uliopita, nao watakusikia mzunguko unaofuata. Kila mtu anasikia wimbo wake, na bado unakaa. Kwa sebene, ambapo gita linazunguka palepale, inafaa sana. Kwa wimbo unaogeuka kila mstari, ni vurugu.

Sisi tunatumiana mafaili. La kwanza nilituma kwa MP3, na mpiga besi akajibu kwamba gita langu linachelewa kidogo, "kama mtu anayevua viatu mlangoni." Nilichukia. Nikarudia mara tatu nikiwa na metronomu, ile saa ya kuhesabu mapigo, sikioni, jibu likawa lile lile. Kumbe MP3 yenyewe huongeza kimya kidogo mwanzoni, sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini kwenye ridhimu hiyo inatosha kukuvunjia heshima. Tangu hapo natuma WAV, faili la sauti lisilobanwa, tena kama dokumenti ili WhatsApp isiibane, na kabla ya gita napiga makofi manne. Anayepokea anayalinganisha makofi yangu na ya wenzangu, basi, tumekaa sawa. Dakika nne ni zaidi ya MB 20, kwa hiyo natuma kwa bando la usiku. Wakati wa kurekodi friji nimeichomoa, feni nimeizima, nimejifunika blanketi mimi na gita langu. Joto la Tanga mnalijua.

Mwishoni mwa 2020 Nathan Evans, tarishi wa Uskochi, aliimba wimbo wa zamani wa mabaharia peke yake mbele ya simu, akauweka TikTok. Wageni wakaja mmoja mmoja: huyu sauti nzito, yule fidla, kila mmoja juu ya aliyemtangulia, wala hakuna aliyepanga. Watu waliona maajabu. Mimi nilichowaonea wivu ni kwamba hakuna aliyelazimika kumwonea haya mwenzake.

Maana hapo ndipo mgeni anapofaa. Katika bendi yetu ya mtaani nimekaa miaka kumi na moja. Mpiga solo ni shemeji yangu, mwenye vyombo ndiye aliyenisimamia harusi. Nani ataniambia napiga vibaya? Yule wa Buyenzi, siku ya pili tu tangu tufahamiane, aliniandikia: "Kaka, unajaza kila tundu. Mimi nitapita wapi?" Nikasikiliza rekodi zangu za nyuma. Kweli, sijawahi kuacha hata pigo moja litulie.

Ugeni una hasara zake pia. Mtu mmoja alichukua gita langu, akaliweka kwenye wimbo wake, jina langu halipo, kisha akanizuia. Siku hizi mgawanyo wa mapato tunauandika na kukubaliana kabla ya kofi la kwanza.

Jumamosi iliyopita tulipiga kwenye harusi Chumbageni. Katikati ya sebene niliondoa mkono kwenye nyuzi, nikahesabu mapigo mawili, nikarudi. Shemeji akageuka kuangalia kama waya wangu umechomoka.