Mwisho Uliobadilishwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba mwisho wa filamu ya Fatal Attraction ya mwaka 1987 ulibadilishwa. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Katika mwisho wa awali Alex, mwanamke aliyeigizwa na Glenn Close na aliyekuwa na uhusiano wa kimapenzi na Dan, mume wa mtu, alijiua kwa kisu chenye alama za vidole vya Dan, naye Dan akakamatwa na polisi. Lakini watazamaji wa majaribio, walioonyeshwa filamu kabla haijatoka, hawakuridhika, ndipo likapigwa upya tukio la bafuni, ambamo mke wa Dan anamfyatulia Alex risasi. Close alipinga sana, kwa kuwa alimwona Alex kuwa mgonjwa, si muuaji. Nami naungana naye: mwanamke tuliyemwona ameketi sakafuni peke yake, akiwasha na kuzima taa, alistahili huruma, si kugeuzwa zimwi.