Maswali na Majibu: Ukitoka Maabara Kwenda Kwenye Hataza

Tangu nitaje hapa kwamba niliacha baiokemia nikaingia ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia, barua hazijakoma. Nyingi zinauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia njia ya kutoka ukumbini mhadhara ukiendelea. Nimechagua chache.

Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya uzamivu ya kemia. Ni lazima nirudi chuoni nikasome sheria?

Marahaba. Inategemea unataka kukalia kiti kipi. Ofisi ya uhawilishaji ya chuo kikuu, ile inayopokea uvumbuzi wa watafiti na kuutafutia kampuni ya kuuchukua kwa leseni, mara nyingi haidai shahada ya sheria. Inataka mtu anayeelewa sayansi na asiyeogopa kupiga simu.

Ukitaka kuandika wewe mwenyewe maombi ya hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi, kuna uwakala. Marekani, mwenye shahada ya sayansi au uhandisi anaweza kufanya mtihani wa ofisi ya hataza bila kukanyaga chuo cha sheria. Akifaulu, anaandika maombi na kuyatetea mbele ya ofisi hiyo, ila mahakamani hasimami. Kwa Ulaya, shahada ya sayansi ndiyo tiketi ya kuingilia, kisha kwa kawaida miaka 3 ya mafunzo chini ya wakala aliyesajiliwa, kisha mtihani ambao watu wenye akili timamu huufeli na kuurudia. Kiti cha tatu ni cha mkaguzi, anayekaa ndani ya ofisi ya hataza yenyewe na kuamua kama ombi lina jambo jipya.

Sheria utaisoma, lakini utaisomea kazini. Usilipe karo ya miaka mitatu kabla hujajua kama unaipenda kazi yenyewe.

Hebu tuambie ukweli: mnafanya nini kutwa nzima?

Tunauliza maswali ambayo watafiti hawapendi kuulizwa.

Mtafiti anakuja na matokeo yake, macho yanang'aa. Ukiwa mwanasayansi mwenzake ungeuliza: je, ni kweli? Mimi nauliza: kipya hapa ni kipi hasa, na nani atakihitaji kiasi cha kutoa fedha? Mara nyingi jibu la swali la kwanza ni dogo kuliko alivyodhani, na jibu la swali la pili ni kimya. Uvumbuzi mwingi unaoletwa ofisini haufiki kwenye leseni, na sehemu ya kazi ni kumweleza hivyo mtu aliyeutolea miaka sita ya maisha yake bila kumfanya akuchukie.

Kisha kuna madai, yaani sentensi zile mwishoni mwa hataza zinazochora mpaka wa haki. Hapa ndipo sisi tuliotoka maabara hujikwaa. Tumefundishwa kueleza kitu kwa usahihi wote. Mwambie mwanasayansi aeleze kigoda, ataandika: kikalio cha mviringo cha mbao chenye kipenyo cha sentimita 30, miguu mitatu iliyogundishwa. Sahihi kabisa, na haifai. Jirani atatengeneza cha plastiki chenye umbo la mraba na hutampata kwa lolote. Mwandishi wa madai anaandika kikalio na angalau miguu mitatu inayokishikilia, kisha anakaa akijiuliza jirani atakwepea wapi. Lakini akipanua mno, atakuwa amedai na vigoda ambavyo watu walivikalia kabla hajazaliwa, na mkaguzi atalitupa ombi. Ugomvi huo wa upana na upya unaweza kuendelea miaka kadhaa kwa barua. Mimi huona raha ndani yake. Wengine huona adhabu.

La mwisho ni majina. Kwenye makala za kisayansi tumezoea kumwongeza mkuu wa idara kwa heshima. Kwenye hataza mvumbuzi ni yule tu aliyechangia wazo lenyewe linalodaiwa. Kushika pipeti kwa maelekezo hakutoshi, wala kulipia vifaa. Marekani, orodha yenye kosa isiporekebishwa inaweza kuiangusha hataza nzima. Jaribu kumweleza hilo profesa aliyekuwa akikusahihishia tasnifu.

Niliwasilisha bango kongamanoni miezi mitatu iliyopita. Sasa nasikia tumepoteza hataza. Je, ni kweli?

Hili si swali la ajira, lakini nalijibu kwa sababu utaulizwa hilohilo kila wiki ukiingia kazini.

Marekani na Japani zinampa mvumbuzi miezi 12 ya neema ya kuwasilisha ombi tangu atangaze mwenyewe. Ulaya haina neema ya namna hiyo: bango likionwa na umma kabla ombi halijawasilishwa, upya umekwenda, isipokuwa kwa hali chache sana. Kwa hiyo angalia bango lilisema nini. Likiwa lilionyesha matokeo tu, bila kueleza namna ya kuyapata, huenda bado kuna kitu cha kuokoa. Nenda ofisini kwenu leo.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Stanley Cohen na Herbert Boyer, wanasayansi wawili wa Marekani. Makala yao ya kuunganisha vipande vya DNA ilitoka Novemba 1973. Niels Reimers, aliyekuwa akisimamia leseni pale Chuo Kikuu cha Stanford, aliisikia habari hiyo kupitia gazeti mwaka uliofuata, akampigia Cohen, na ombi likawasilishwa Novemba 1974, siku chache kabla mlango wa Marekani haujafungwa. Haki za nchi nyingi nyingine zilikuwa zimeshayeyuka. Hata hivyo, hadi mwaka 1997 hataza hizo zilikuwa zimeingiza zaidi ya dola milioni 250, kwa leseni ambazo kampuni yoyote iliweza kuzinunua. Hayo yote yalianza na mtu wa ofisini aliyesoma habari ya gazeti.

Msimamizi wangu anasema wanaokwenda huko ni walioshindwa sayansi.

Kila mtu hujibu hili kwa kumtaja Einstein, aliyewahi kufanya kazi ofisi ya hataza ya Bern, Uswisi. Mimi nampenda zaidi Chester Carlson, mhitimu wa fizikia aliyefanya kazi idara ya hataza ya kampuni moja New York. Alichoka kunakili nyaraka na michoro kwa mkono, akaenda kujaribu kemia jikoni kwake, na mwaka 1938 akapata nakala ya kwanza kwa njia iliyokuja kutuletea mashine za fotokopi. Msimamizi wako bila shaka anayo moja.

Sina uzoefu wowote. Nianzie wapi?

Usianze na wasifu. Anza na hataza moja ya fani yako. Ifungue Espacenet, hazina ya hataza ya mtandaoni, ni bure, na usisome muhtasari. Soma dai la kwanza mara tano hadi ujue linazuia nini na linaacha nini. Kisha tafuta kilichochapishwa kabla yake kinachoweza kulitikisa. Ukiona usiku umeingia bila wewe kujua, endelea. Ukisinzia, umejiokoa miaka kadhaa.

Baada ya hapo nenda ofisi ya uhawilishaji ya chuo chako ukaombe kazi ya saa chache kwa wiki. Ofisi nyingi zina watu wachache na mafaili mengi. Mtu wa kuwatafutia yaliyochapishwa kabla ni msaada wa kweli. Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, lina kozi ya msingi ya mtandaoni isiyo na ada. Ichukue upate msamiati, lakini usiitegemee ikupe kazi. Kwenye usaili wangu hakuna aliyeuliza cheti. Walinipa makala wakasema: dakika ishirini, ukurasa mmoja, mwambie mfanyabiashara asiye mwanasayansi kwa nini aijali.

Mshahara je?

Kampuni za mawakala hulipa vizuri kuliko vyuo, hasa ukishafaulu mitihani. Ofisi za vyuo hulingana na vyeo vya utawala vya chuo chenyewe. Usimwamini anayekuahidi gawio la mrabaha, yaani malipo yatokanayo na leseni. Hilo ni la wavumbuzi.

Utalikumbuka benchi la maabara?

Nililikumbuka mwaka wa kwanza, hasa asubuhi. Hilo lilipita. Ambacho sijakizoea hadi leo ni kuachia mambo katikati. Leseni inasainiwa, kampuni inaondoka na uvumbuzi, faili linakwenda kabatini. Mwezi uliopita nilikutana na jina la molekuli moja niliyoihangaikia miaka tisa iliyopita kwenye orodha ya dawa zilizo katika majaribio kwa wagonjwa. Nikamwandikia profesa wake. Hata yeye alikuwa hajui.